Saa ya Tulikosea

Nimepita miji mingi na jiwe langu la kunolea visu, na karibu kila mji una mtu ambaye watoto humwita kwa neno lake mwenyewe. Katika mji ninaotaka kuusimulia, mtu huyo alikuwa mama mmoja mrefu, mwembamba, anayetembea kama mtu aliyetumwa huku aliyemtuma anamtazama. Akipita tu, watoto wanaacha mpira na kuimba kwa pamoja, “Samahaniii!” Naye anajibu bila kugeuka, “Nimewasamehe. Nendeni mkanawe miguu.”

Wakubwa walimwita Shangazi Samahani. Kuna waliolitamka jina hilo kwa mapenzi, na kuna waliolitamka wakiwa wamebinua mdomo. Yeye aliwaitikia wote sawasawa.

Kabla ya redio alikuwa akifanya kazi kwenye duka la kuchapisha. Kazi yake ilikuwa kusoma karatasi ya kwanza inayotoka kwenye mashine, ili yakiwemo makosa yashikwe kabla hayajawa mengi. Alisoma kadi za harusi, mitihani ya shule, vibandiko vya chupa za dawa ya kikohozi, na gazeti dogo la mji lililokuwa likitoka kila wiki. Aliniambia kadi ya harusi ndiyo ngumu kuliko zote. Mtihani ukikosewa mwalimu anasahihisha ubaoni, maisha yanaendelea. Jina la bibi harusi likikosewa, wakwe hawana ubao.

Gazeti lile likafa kifo cha polepole. Wenye maduka waliacha kuleta matangazo, wakawa wanatangaza kwenye simu zao wenyewe, na kurasa zikapungua mpaka likabaki jani moja la kukunja. Mwishowe mashine ikauzwa kama chuma chakavu. Shangazi akachukua mkoba wake, akavuka barabara, akapanda ngazi za redio ya mji.

Redio ile ilikuwa ya umma, yaani ya kila mtu, na kama ujuavyo, kitu cha kila mtu hakina wa kukipangusa vumbi. Vilikuwa vyumba viwili juu ya mashine ya kusaga nafaka. Kuta za chumba cha kutangazia zilikuwa zimegongelewa magodoro ya zamani ili sauti isirudi, na kipaza sauti kilivalishwa soksi ya mtoto. Msagishaji wa chini alikuwa na taa nyekundu iliyoshushwa kwa waya kupitia dirishani. Ikiwaka, azime mashine, habari zinasomwa. Akisahau, mji mzima ulisikia habari zenye pumba ndani.

Shangazi alipewa kazi ya kusoma matangazo: vifo, ng’ombe waliopotea, zamu za maji mtaa kwa mtaa. Hakuwa na sauti ya asali. Alikuwa na sauti ya mtu anayekueleza njia na asiyetaka upotee.

Sasa nieleze jambo lililompa jina, maana bila hilo mengine hayatasimama.

Siku moja katika matangazo ya saa saba mchana, redio ilitangaza kwamba fundi makochi wa mtaa wa juu amefariki. Kumbe aliyefariki ni fundi makochi mwingine, wa mtaa wa chini. Jioni ileile wakasahihisha, tena kwa lugha nzuri kabisa. Asubuhi fundi akafungua mlango, mswaki mdomoni, akakuta ua umejaa watu na mikeka. Mama mmoja akaanguka palepale. Jirani mmoja, waliyekosana naye miaka mingi kwa sababu ya ukuta, alikuwa amekwisha kulia sana tangu alfajiri. Akaona aibu kuyarudisha machozi, wakapatana hapohapo.

Mji ulicheka, lakini Shangazi hakucheka. Akazunguka kuuliza watu: mlisikia saa ngapi? Akagundua kwamba wanaosikiliza mchana si wale wanaosikiliza jioni. Mchana ni washonaji, wauza duka, vinyozi, mama walio jikoni. Jioni ni watu wengine, na hao wa mchana wanakuwa wameshazima. “Kosa lililotoka mchana,” aliwaambia wenzake, “ukilifuata jioni humkuti mtu nyumbani.”

Tangu siku ile akaweka utaratibu wake. Redio ikimkosea mtu, kwanza ni miguu: mnakwenda mlangoni kwake, mnasema samahani, mnamsikiliza. Pili, aliyekosea anasoma masahihisho kwa kinywa chake mwenyewe, hasomewi na mwenzake. Tatu, yanasomwa saa ileile kosa lilipotoka, kabla ya neno jingine lolote. Kipande hicho kikaitwa Tulikosea. Mwanzo watangazaji walikichukia kama dawa ya minyoo. Baadaye watu wakawa wanakingoja kuliko mpira. Nilimuuliza msagishaji sababu, akanijibu huku akipangusa unga kwenye nyusi, “Redio nyingine zote zinaniambia wenzao wamekosea wapi. Hii inajisema yenyewe.”

Meneja wa redio alikuwa mtoto wa kaka yake Shangazi. Kaka alipokufa yeye ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamwozesha. Kwa hiyo kila mtu mjini alimwita shangazi kwa heshima tu, lakini meneja alimwita hivyo kwa damu, na jambo hilo lilimsumbua kazini.

“Shangazi, tukiwa hapa mimi ni meneja.”

“Sawa, meneja. Funga kifungo cha shati.”

Alikuwa kijana mwema, mwenye hofu nyingi, na hofu zake zilikuwa na sababu. Halmashauri ya mji, iliyokuwa ikiilisha redio, ilikata fungu lake. Umeme ukawa wa kubahatisha. Mishahara ikawa hadithi. Wenye mnara wa kurushia mawimbi walikwisha kusema kwamba mwezi ukiisha watazima, na redio ikizimwa mji huu haukuwa na gazeti tena wala mtu yeyote wa kuuambia habari zake.

Hapo ndipo jina la Wakfu lilipoanza kutajwa. Mfanyabiashara mmoja wa sabuni na mkewe walikuwa wametajirika kwa matangazo ya redio. Nyimbo za sabuni yao hata mimi nilizijua. Mume alitangulia. Mke alipokaribia kumfuata akaacha wosia kwamba mali yao iwe wakfu, na ruzuku zitoke kila mwaka kwenda kwa redio za umma na magazeti madogo, ili watu wa miji midogo nao wasikie habari zao. Meneja aliandika maombi kwa mikono miwili na dua juu yake. Jibu likaja: mkaguzi wa Wakfu atafika siku ya Ijumaa, atakaa ndani ya chumba cha kutangazia, atasikiliza habari za saa saba.

Meneja akafurahi mpaka akanunua viti vipya vya plastiki. Hakujua kwamba kosa lilikwisha kutoka Jumatano.

Mwandishi wao wa habari aliitwa Bwana Kasi. Alikuwa mtu mzima, ana masharubu na mtoto mchanga, lakini alitembea mbio, alikula mbio na alisema mbio. Jumanne jioni alimwona mtoa dawa wa zahanati akisukuma mkokoteni wenye maboksi ya dawa, anayaingiza nyumbani kwake. Akampigia simu mara moja, haikupokelewa. Jumatano saa saba, akatangaza kwamba mtoa dawa wa zahanati amehamishia dawa za umma nyumbani kwake na sababu haijulikani. Kusema “sababu haijulikani” kuna ubaya wake. Msikilizaji hukaa na shimo hilo kidogo tu, halafu analijaza mwenyewe.

Kufikia jioni mtoa dawa alikuwa mwizi. Watoto wake waliambiwa hivyo uwanjani. Kwenye duka alilonunua sukari miaka yote aliambiwa hakuna sukari. Alhamisi zahanati ikabaki imefungwa, naye akawa ameagiza lori la Jumamosi, ahame na familia yake arudi kwao.

Shangazi aliposikia habari za lori, alivaa kitambaa chake cha kichwa, akamwambia Bwana Kasi, “Twende.”

“Shangazi, mimi niliona kwa macho yangu.”

“Uliona maboksi. Huo wizi uliuona wapi?”

“Sikusema wizi.”

“Ndiyo. Ukauachia mji useme. Vaa viatu.”

Mlango ulifunguliwa na mke wa mtoa dawa. Nyuma yake vitu vilikuwa vimefungwa mafurushi, na mumewe amekaa juu ya furushi mojawapo, anatazama ukuta. Yule mama aliwatazama wageni wake kutoka juu mpaka chini.

“Mmekuja kuchukua na friji?”

“Tumekuja kusikiliza,” Shangazi akasema.

“Redio inasikiliza? Hiyo mpya.” Kisha akawasogezea kigoda kwa mguu. “Kaeni basi. Bwana mwenye masharubu abaki amesimama.”

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Friji ya zahanati iliharibika Jumanne mchana, na ndani yake mlikuwa na chanjo za watoto, ambazo zikipata joto huwa maji tu. Mtoa dawa alimpigia simu mkuu wa afya, mkuu akamwambia azihifadhi popote penye ubaridi mpaka fundi aje. Friji iliyokuwa karibu ni ya mkewe. Mkewe alikuwa akigandisha maji ya matunda kwenye vijaluba, anauza barafu kwa watoto, na biashara hiyo ndiyo iliyokuwa ikinunua madaftari ya shule.

“Nikatoa barafu zangu zote,” akasema. “Nikawagawia watoto wa mtaa bure, maana zingeyeyuka. Nendeni mkawaangalie midomo, mpaka leo ina rangi. Halafu watoto haohao ndio wanaowaita wanangu watoto wa mwizi.”

Alifungua friji. Mlikuwa na maboksi, na kipimajoto kimening’inizwa kwa uzi. Hapakuwa na kingine, hata nyanya moja.

Shangazi hakuwa mtu wa kuamini machozi peke yake. Aliomba namba ya mkuu wa afya, akampigia palepale, na mkuu akathibitisha kila neno. Bwana Kasi alikuwa amesimama, mikono haijui iende wapi.

“Simu yako haikupokelewa,” Shangazi akamwambia mtoa dawa, bila kumlaumu.

Ndipo yule bwana akasema kwa mara ya kwanza. “Nilikuwa nasukuma mkokoteni, mama.”

“Tutasema kesho saa saba. Unataka tusemeje?”

Akafikiri sana. “Msinisifu. Semeni tu sikuiba.”

Waliporudi, meneja alikuwa amepanda juu ya kiti kipya anapangusa saa ya ukutani. Akasikiliza yote, akashuka, akakaa.

“Itakuwa Jumatatu,” akasema.

“Lori linakuja Jumamosi.”

“Shangazi, mkaguzi anakuja kesho. Saa saba hiyohiyo. Anakuja kutupima kama tunafaa, na sisi tumfungulie kwa kusema tumemchafua mtu asiye na hatia? Unamwonyesha mgeni kidonda?”

“Daktari akija nyumbani unamwonyesha nini? Viatu?”

“Si daktari huyu. Ni mtu wa ruzuku.”

“Mficha uchi hazai, baba.”

“Tusipopata hiyo ruzuku mnara unazimwa. Hiyo Tulikosea yako utaisomea wapi? Sokoni?”

“Hata sokoni.”

Meneja akasimama. “Mimi ndiye meneja. Kesho tunaanza na habari, na hakuna Tulikosea. Itasomwa Jumatatu.”

Shangazi akamtazama kama anavyotazama karatasi yenye kosa asilotarajia. “Mtu hawezi kukaa mwizi mpaka Jumatatu kwa sababu sisi tuna mgeni,” akasema kwa upole. Kisha akachukua mkoba wake, akashuka ngazi. Mimi nilikuwa hapo chini namnolea msagishaji panga lake. Akanipita bila kunisalimu, na hilo halikuwa kawaida yake.

Sasa, njia ya meneja ya kwenda kazini inapita mbele ya zahanati. Ijumaa asubuhi alikuta kina mama wamesimama nje na watoto mgongoni, mlango umefungwa kwa kufuli. Ilikuwa siku ya chanjo. Mmoja wao akamtambua.

“Wewe si wa redio? Hebu tuambie. Mwizi wenu tumempata, tunashukuru. Na wa kuwachanja hawa watoto mmempata?”

Akajibu nini? Alisema ana haraka. Aliniambia mwenyewe baadaye kwamba kutoka hapo mpaka kazini hakuona barabara.

Mkaguzi alifika kabla ya wakati. Alikuwa mama wa makamo mwenye viatu vya kutembelea na sura ya mtu aliyeonyeshwa vitu vingi vizuri na hakununua hata kimoja. Alikataa kiti kipya, akachagua cha zamani kilichokuwa pembeni, akafungua daftari. Shangazi alikuwa kimya mezani kwake na matangazo ya zamu za maji. Meneja alikuwa amefunga vifungo vyote, mpaka cha shingoni.

Zilipobaki dakika chache, Bwana Kasi akaingia na karatasi mkononi. Akamwendea meneja, akasema kwa sauti ya chini, lakini chumba kile cha magodoro kilikuwa kimetulia mno, hakikuficha kitu.

“Meneja, mke wangu ananyonyesha mtoto nyumbani. Wiki ijayo mtoto wangu anatakiwa kuchanjwa, na chanjo yake iko ndani ya friji ya yule mama. Leo nisipoisoma hii, mimi chumba hiki siingii tena.”

Mkaguzi aliinua kichwa. Meneja akamtazama Bwana Kasi, akamtazama shangazi yake, ambaye hakuinua macho kwenye zamu za maji. Taa nyekundu ikawaka. Saa saba ikafika. Meneja akainama kwenye kipaza sauti chenye soksi, na badala ya jina la redio na salamu, akasema:

“Leo tunaanza na Tulikosea.”

Kisha akajitoa kwenye kiti, akampisha mwandishi wake.

Mimi niliisikia kutoka chini, kwenye redio ya msagishaji. Bwana Kasi alisoma polepole. Mji haukuwahi kumsikia mtu huyu akisoma polepole, na nadhani hiyo peke yake iliwafanya vinyozi washushe mashine zao.

“Juzi, saa kama hii, nilisema kwamba mtoa dawa wa zahanati yetu amepeleka dawa za umma nyumbani kwake na kwamba sababu haijulikani. Sababu ilikuwepo, ila mimi sikuingoja. Friji ya zahanati iliharibika. Mkewe alitoa biashara yake yote kwenye friji yake ili chanjo za watoto wetu zisiharibike. Mkuu wa afya aliarifiwa siku ileile. Hakuiba. Nilimpigia simu mara moja wakati anasukuma mkokoteni, na nyumba yake ni mwendo mfupi kutoka hapa, sikwenda. Kosa ni langu mimi niliyesoma na ni la redio hii iliyoniruhusu. Tunamwomba radhi yeye, mkewe na watoto wake.”

Akamalizia hapo. Msagishaji, aliyepaswa kungoja habari ziishe, aliuondoa mkono wake kwenye swichi kabisa, akatoka nje akasimama barabarani. Hakuwa peke yake. Washonaji walikuwa wametoka, muuza duka ametoka. Walikuwa wakitazamana kama watu waliokutana wote kwenye chumba walichoingia kuiba.

“Nilimnyima sukari,” muuza duka akasema.

“Tulijua,” mshonaji mmoja akamjibu. “Sote tulijua. Na mimi nilivusha wanangu upande wa pili wa barabara. Sasa tumesimama hapa tunangoja nini?”

Wakaanza kwenda. Hapakuwa na aliyewaita wala aliyewapanga.

Huko juu, habari zilipokwisha, mkaguzi alifunga daftari lake.

“Mlipanga hii kwa ajili yangu?” akauliza.

Meneja alikuwa na jasho mpaka kwenye kola. Alikwisha kuona kwamba kila kitu kimeharibika, na mtu akifika hapo huwa mwepesi. “Mama,” akasema, “tungepanga, tungepanga kitu kizuri.”

Shangazi akashindwa kujizuia, akacheka. Bwana Kasi naye akacheka, macho yamemjaa maji. Mkaguzi hakucheka, lakini kitu kilisogea kwenye mdomo wake.

“Kila wiki mnafanya hivi?”

“Kila wiki tukikosea,” Shangazi akasema.

“Na wiki msipokosea?”

“Huwa tunajitilia shaka.”

“Nimezunguka vituo vingi vinavyoomba ruzuku yetu,” mkaguzi akasema, “na magazeti pia. Wote wameniambia hawajawahi kukosea hata siku moja. Nilikuwa nimeanza kudhani duniani nakosea mimi tu.” Akasimama. “Huyo mama mwenye friji anakaa wapi?”

Wakaenda kwa miguu. Ua wa mtoa dawa ulikuwa umejaa. Mtoa dawa mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, haamini, anashikwa mkono na huyu na yule, na kila anayemshika anataka kueleza jinsi yeye binafsi hakuamini tangu mwanzo. Mkewe ndiye aliyekuwa akiwapokea kwa maneno.

“Wewe hukuamini? Mbona jana ulinipita kama nguzo ya umeme?”

“Jua lilikuwa kali, sikukuona.”

“Ilikuwa jioni.”

Watu wakacheka, na aliyeulizwa akacheka zaidi. Mwenye bucha akapenya mpaka mbele. “Mama, barafu zako zilete kwenye friji yangu mpaka hizo chanjo zihame. Zitanuka nyama kidogo tu.”

“Nani atanunua barafu ya nyama?”

“Mimi nitanunua ya kwanza. Na hawa wote watanunua, leo hawana uso wa kukataa.”

Bwana Kasi alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na mlango wa ua, hathubutu. Mtoa dawa akamwona juu ya vichwa vya watu. Akashuka kizingiti, akapita katikati yao, akamfikia.

“Umesoma vizuri,” akamwambia. “Polepole. Endelea hivyo.” Akampa mkono.

Jioni ileile, bado kuna mwanga, zahanati ilifunguliwa na watoto wakachanjwa, na vilio vyao vilisikika mpaka kwenye mashine ya kusaga. Jumamosi lori likaja. Dereva akakuta mafurushi yamekwisha kufunguliwa na mwenye mzigo anakunywa chai. Akaanza kugomba, na haki alikuwa nayo. Ndipo mwenye nyumba ya wageni akasema anayo friji moja ya ziada, ikae zahanati mpaka ile nyingine itengenezwe. Lori halikurudi tupu. Lilibeba friji kutoka mtaa hadi mtaa, na vijana waliokaa juu yake walishangilia kama wamebeba kombe.

Barua ya Wakfu ilikuja kabla ya mwezi kwisha. Meneja aliifungua ndani ya chumba cha kutangazia akiwa hewani, kosa ambalo mtangazaji yeyote atakukataza. Akasoma mstari wa kwanza, akakwama. Shangazi akaichukua karatasi mkononi mwake, akaisoma kwa sauti ileile ya zamu za maji: ruzuku imetolewa, kwa miaka kadhaa mfululizo, ya mnara, umeme, mishahara ya waandishi, na ya kuajiri watu wawili ambao kazi yao ni kwenda mlangoni kabla habari haijatoka, si baada. Msagishaji alisahau taa nyekundu, akawasha mashine kwa furaha. Mji ukasikia barua yote ikiwa na pumba ndani, na hakuna aliyelalamika.

Shangazi alikuwa na swali moja tu kwa mkaguzi, alipokuja kutia saini.

“Na Wakfu ukikosea, tuutangaze?”

“Msipoutangaza,” mkaguzi akasema, “nitajua tumewapa watu wasiofaa.”

Haikuchukua muda. Wakfu ulitoa kijitabu cha kujivunia kazi zake, na juu ya maelezo ya Shangazi wakaweka picha ya bwana mmoja mnene mwenye miwani. Saa saba mchana, mkurugenzi wa Wakfu mwenyewe akapiga simu, akasema mbele ya mji mzima kwamba walikosea. Watu walishangilia mpaka barabarani. Yule bwana wa miwani, kwa taarifa yenu, alijulikana mtaani kwake kama Shangazi mpaka anakwenda kaburini, na inasemekana alizoea.

Kisha Wakfu ukamwomba azunguke kwenye redio nyingine zinazopata ruzuku, awaonyeshe utaratibu wake. Akasema hajui kufundisha. Meneja akamwambia, “Shangazi, mimi ulinifundisha. Mara ya mwisho ilikuwa Ijumaa ile, tena bila kufungua mdomo.” Akafungasha.

Mimi nami nilikwisha kuondoka, jiwe begani. Miaka miwili baadaye nilikuwa katika mji ulio mbali sana na ule, nimeketi nje ya soko nanoa visu vya wauza nyama, na redio inasema kwenye kibanda cha fundi viatu. Ikafika saa saba. Sauti ya msichana nisiyemjua ikasema kwamba jana, saa kama hii, walitangaza shule fulani imefeli mtihani, na haikuwa shule hiyo. Akaeleza walivyokosea, akaomba radhi kwa walimu na watoto. Fundi viatu alikuwa ameshusha nyundo.

Mteja wangu, bwana mmoja mwenye kisu kirefu, akatikisa kichwa. “Redio yetu hii inakosea sana siku hizi.”

“Kukosea ilikosea tangu zamani,” mkewe akamwambia, huku akichagua nyanya. “Siku hizi ndiyo inasema.”

Yule bwana akafikiri kidogo, akanyoosha mkono apewe kisu chake. Nikamjaribishia makali kwenye ukucha wangu, nikampa.